"Ni Kweli" Haitoshi: Rufaa ya Aliyekiri Kosa na Ukimya wa Kumbukumbu

Kifungu cha 360(1) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania (Toleo la 2019) kinamzuia aliyekiri kosa katika mahakama ya chini kukata rufaa, isipokuwa juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu. Kenya wana kizuizi cha aina hiyo katika kifungu cha 348 cha sheria yao. Wapo wanaosema basi, mlango umefungwa: mtu mwenye akili timamu amekiri mbele ya hakimu, iweje alalamike baada ya kuonja adhabu? Hoja hiyo inaruka hatua. Kinachozuiwa ni rufaa ya aliyekiri. Kwa hiyo lazima kwanza ijulikane kama alikiri.

Njia za kupita kizuizi hazina ubishi. Katika Laurent Mpinga dhidi ya Jamhuri (1983), zilitajwa nne: kukiri kusiko kamili au kwenye utata, kukiri kwa kukosea au kutoelewa, hati ya mashtaka isiyo na kosa linalotambuliwa na sheria, na maelezo yasiyoweza kumtia mtu hatiani hata yakikubaliwa yote. Ugomvi uko kwenye njia ya pili. Mrufani anaambiwa athibitishe kwamba hakuelewa, ilhali ushahidi pekee wa siku ile ni mwenendo ulioandikwa na hakimu mwenyewe.

Hapo ndipo Adan dhidi ya Jamhuri (1973) inapostahili kusomwa upya. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliagiza mshtakiwa asomewe shtaka na viini vyake vyote kwa lugha anayoielewa. Jibu lake liandikwe, kadiri iwezekanavyo, kwa maneno yake. Kisha mwendesha mashtaka aeleze mambo yalivyotokea, na mshtakiwa apewe nafasi ya kukana, kufafanua au kuongeza. Akitia shaka juu ya hatia yake, kukiri kunabadilishwa kuwa kukana. Tuchukulie shtaka la wizi wa baiskeli. Mshtakiwa anajibu, "Ni kweli, niliichukua." Maelezo yanaposomwa anaongeza: "Ilikuwa yangu, niliyemuuzia alikuwa hajamaliza kuilipa." Amekubali kuchukua, lakini amekana kiini cha wizi, maana anayechukua kwa kuamini kwa dhati kwamba ni haki yake si mwizi. Sentensi hiyo ya pili isipoandikwa, mahakama ya rufaa itaona mtu aliyekiri kikamilifu.

Kwa hiyo naona ukimya wa kumbukumbu uhesabiwe dhidi ya hukumu. Pasipoonekana jibu la mshtakiwa kwa maelezo, ichukuliwe kwamba hakuulizwa.

Itasemwa kila mfungwa atadai hakuelewa. Adai, hakimu aliyeandika vizuri hana cha kuogopa. Na rufaa ikifaulu, si lazima mtu aende zake: mahakama inaweza kuamuru shauri lianze upya pale haki inapotaka hivyo, mradi isiwe kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo yake, kama ilivyoelezwa katika kesi ya Fatehali Manji (1966).

Wala kumhoji anayekiri si jambo geni: tangu marekebisho ya sheria ya 2019 nchini Tanzania, mahakama inayopokea makubaliano ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na upande wa mashtaka lazima ijiridhishe kwamba mshtakiwa ameyaingia kwa hiari. Sioni sababu ya mshtakiwa wa ubakaji asiye na wakili, anayekabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 30, kuulizwa maswali machache kuliko huyo mwenye makubaliano.