Tundu lisilotaka kuitwa sanjari

Neno "sanjari" limeninyima usingizi wiki mbili. Kwa wazee wa pwani, watu wakienda sanjari wamejipanga mmoja nyuma ya mwenzake, kama msafara unaopita kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe. Fungua gazeti la leo utasoma kwamba ujenzi wa barabara utakwenda sanjari na uwekaji wa taa. Hapo hakuna anayemfuata mwenzake, mambo mawili yanakwenda bega kwa bega. Neno lilelile limebeba foleni, limebeba na ubavu kwa ubavu, na Mswahili hapati tabu, kwani mazungumzo yenyewe humwonyesha maana.

Tabu niliipata mimi, kwa sababu ya tundu. Nyuma ya kompyuta za zamani kulikuwa na tundu dogo la pini tisa ambalo data hupita biti mojamoja kwenye waya mmoja. Pembeni yake lilikaa tundu pana la printa, lililopitisha biti nane kwa mpigo. Hili pana ni tundu sambamba, halina ubishi, hata mtoto wa shule anaijua mistari sambamba. Lile dogo nikaliita tundu sanjari, nikajipongeza siku nzima, mpaka fundi kijana niliyekuwa nikimwandalia somo aliponiuliza, "Mwalimu, kwani sanjari si ndiyo sambamba?" Nikakosa la kusema. Sasa naliita tundu la mfululizo. Neno limepooza kidogo, lakini halimpotezi mtu. ("Bandari", tafsiri ya neno kwa neno ya "port", niliikataa mapema. Bandari ina makuli, forodha na harufu ya karafuu.)

Somo lenyewe lilihusu maandishi yanayoiambia Linux ni vifaa gani vimepachikwa kwenye ubao. Vifaa vingi vya kompyuta ya mezani hujitambulisha vyenyewe vikiulizwa. Kwenye vibao vidogo, kama vile vilivyomo ndani ya ruta, chipu nyingi ni mabubu, kwa hiyo lazima mtu aziandikie taarifa zake. Taarifa hizo hupangwa kama mti ambao mzizi wake uko juu. Mtindo huo ulirithiwa kutoka Open Firmware, iliyowekewa kiwango cha IEEE 1275 mwaka 1994. Kila kifaa ni kifundo, kama vifundo vya muwa, na kila kifundo kina sifa zake. Kwa miaka mingi maelezo ya sifa hizo yalikuwa insha tu, Kiingereza cha kawaida kilichoandikwa na mhandisi mwenye haraka. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2010 yamekuwa yakigeuzwa, faili moja baada ya nyingine, yakaandikwa kwa YAML kwa utaratibu ambao mashine inaweza kuusoma na kuukagua.

Utaratibu huo tuuite nani? "Skima" inakuja haraka mdomoni, ila mkulima wa mpunga ataisikia kama skimu ya umwagiliaji, atauliza maji yanafunguliwa lini. Nimechagua "kigezo", mtoto wa kugeza. Fundi cherehani hulaza kigezo chake cha karatasi juu ya kitambaa, na kinachotokeza nje ya ukingo hukatwa. Ndivyo hasa mambo yanavyokwenda humu. Kigezo kikifungwa, sifa yoyote ambayo hakikuitaja inakataliwa, hata kama haina madhara.

Insha za zamani ziligawa sifa mafungu mawili, nami nilitamani sana kuziita faradhi na suna. Nikajizuia. Suna ina thawabu ukiitenda, na hakuna thawabu ya kuandika sifa ambayo ubao hauihitaji. Nikabaki na lazima na hiari. Lakini katika insha ya chipu za ukoo wa 8250, zile zinazoendesha tundu letu la mfululizo, ndani kabisa ya fungu la lazima, mwandishi alipofika kwenye sifa ya ukatizi ("interrupt") alitumia neno lenye uzito wa "yapasa". Yapasa! Mtu akikuambia yapasa uje arusini, unajua una nafasi ya kutuma udhuru. Kigezo hakipokei udhuru: ama sifa imetakiwa, ama haikutakiwa.

Na hiyo "ama" ina kesi yake. Insha ilitaka kasi ya saa inayoiendesha chipu itajwe kwa tarakimu, au kielekezwe kifundo cha saa yenyewe. Ni "au" ya namna gani? Ukiniuliza chai au kahawa, nikachukua vyote viwili, utanicheka lakini utanimiminia. "Ama zangu ama zake" haina kumiminiwa, mmoja lazima ashindwe. Lugha ya vigezo ina neno lake kwa kila namna, na haina neno la kukwepa, kwa hiyo anayegeuza insha hulazimika kumwamulia mwandishi jambo ambalo pengine mwandishi mwenyewe hakuwahi kuliwaza. Nimeandika "au" kwa ile inayoruhusu vyote, na "ama" kwa ile inayotaka kimoja tu. Wasanifu wa lugha wakinisuta, nitawasikiliza.

Sifa iliyonifurahisha kuliko zote ni ile inayoandikwa "compatible". Kamusi zilinisukuma kwenye kupatana na kuoana, lakini hapa hakuna ndoa. Sifa hii ni orodha ya majina inayoanza na jina mahususi la chipu na kuishia na la jumla. Chipu inasema: mimi ni fulani, na kama hunijui, nichukulie kama ndugu yangu yule unayemjua. Mgeni akibisha hodi kijijini hujieleza hivyohivyo, hutaja jina lake, kisha la mjomba wake. Nimeiita "utambulisho". Humo herufi moja ina bei. Chipu ya 16550 ya National Semiconductor, ya ukoo uleule wa 8250, ilitoka na bafa ya baiti 16 yenye kasoro, na 16550A ikaja na bafa iliyorekebishwa. Kigezo hupokea "ns16550" na "ns16550a" pia, bila kujua ipi imechomelewa kwenye ubao wako.

Ndiyo maana nimekataa kusema programu inayolinganisha taarifa za ubao na kigezo "inathibitisha". Kuthibitisha ni kuonyesha kwamba jambo ni kweli. "Kuhakiki" nako kumeshajaa wahakiki wa fasihi na wahakiki wa vyeti. Programu inakagua, basi, kama mlangoni pa ukumbi: kadi ina mhuri, pita.

Juzi tuliijaribu kwenye ubao mmoja mkuukuu. Kasi ya saa tuliandika 1843200, ile ya kompyuta za zamani, na ukaguzi ukapita bila lalamiko. Tukaunganisha waya kwa kasi ya 9600, skrini ikajaa takataka. "Mwalimu, hii kuku kakanyaga wino," alisema kijana. Akainamia ubao na tochi ya simu, akasoma namba iliyochongwa juu ya kile kikopo cha bati kinachotoa mapigo: 3.6864, kwa megahezi, mara mbili kamili ya tuliyoandika. Hakugusa faili. Alipandisha kasi ya upande wetu hadi 19200, na maneno yanayosomeka yakaanza kushuka, mstari baada ya mstari.

"Sanjari," akasema, akanitazama kwa pembe ya jicho.