Matandiko ya karatasi kwa nyungunyungu

Matandiko ya karatasi ni vipande vya karatasi au boksi vilivyoloweshwa na kutandazwa ndani ya chombo cha kutengenezea mboji kwa kutumia nyungunyungu. Nyungunyungu huishi na kutaga humo, na huyala matandiko hayo pamoja na mabaki ya jikoni. Spishi inayofugwa sana ni Eisenia fetida, nyungunyungu mwekundu anayeishi kwenye takataka zinazooza badala ya kuchimba udongoni.

Si kila karatasi inafaa. Shambani nyungunyungu akikutana na kitu kinachomdhuru anaweza kuhama, lakini ndani ya ndoo hana pa kukimbilia. Aidha, mboji hiyo mara nyingi hutumika kwenye bustani za mboga, kwa hiyo plastiki au kemikali iliyoingia na karatasi inaweza kufika kwenye udongo unaootesha chakula.

Kazi ya matandiko

Nyungunyungu hawana mapafu. Hupumua kupitia ngozi, ambayo lazima iwe na unyevu wakati wote. Karatasi hushika maji na, ikichanwa na kutifuliwa, huacha nafasi za hewa. Tena ina kaboni nyingi na nitrojeni kidogo sana, ilhali mabaki ya mboga yana nitrojeni zaidi. Vikichanganywa, takataka huoza bila harufu kali.

Ufugaji wa nyungunyungu nyumbani ulienea zaidi nchini Marekani baada ya Mary Appelhof kutoa kitabu Worms Eat My Garbage mwaka 1982. Magazeti yaliyochanwa yamekuwa kati ya matandiko yanayotumika sana tangu wakati huo.

Karatasi zinazofaa

* Magazeti ya kawaida yasiyong'aa. Wino wake mweusi hutokana hasa na masizi laini ya kaboni yaliyochanganywa na mafuta ya petroli au ya mimea kama soya.
* Maboksi ya kahawia yenye mawimbi ndani. Gundi yake kwa kawaida ni ya wanga. Utepe, lebo na pini huondolewa kwanza.
* Trei za mayai za karatasi na viini vya karatasi za chooni.
* Bahasha za kaki na mifuko ya unga isiyo na utando wa plastiki.

Karatasi nyeupe za ofisini au za daftari hutumika kwa kiasi kidogo, zikichanganywa na boksi, kwa sababu zikilowa hugandamana na kuzuia hewa.

Karatasi za kuepuka

* Risiti za mashine. Nyingi huchapishwa kwa joto kwenye karatasi iliyopakwa kemikali kama bisifenoli A au jamii yake. Umoja wa Ulaya umezuia bisifenoli A kwenye karatasi hizo tangu Januari 2020.
* Mifuko ya saruji. Vumbi la saruji lililobaki likilowa huwa alkali kali inayounguza ngozi.
* Vikombe vya karatasi na pakiti za maziwa au juisi, ambazo zina utando wa plastiki na wakati mwingine wa alumini.
* Majarida yanayong'aa na karatasi za kufungia zawadi.
* Karatasi zilizofutia rangi, mafuta ya mashine au dawa za kuua wadudu.

Mifuko laini kama kitambaa iliyoenea baada ya Kenya (2017) na Tanzania (2019) kupiga marufuku mifuko ya plastiki mara nyingi hudhaniwa kuwa karatasi. Mingi yake ni ya polipropilini, yaani plastiki, na haiozi.

Kutambua karatasi

Karatasi isiyojulikana huchanwa polepole. Utando mwembamba ukionekana ukingoni, ina plastiki. Tone la maji likibaki juu bila kunywewa, karatasi imepakwa kitu. Risiti ya joto hutambulika kwa kukwaruzwa na ukucha: mstari mweusi hujitokeza.

Kutayarisha

Karatasi huchanwa vipande vyembamba vya upana wa sentimita 2 hadi 3, hulowekwa, kisha hukamuliwa mpaka vibaki na unyevu kama wa kitambaa kilichokamuliwa. Hutifuliwa na kuwekwa kwenye chombo chenye matundu, pamoja na konzi ya udongo. Chembe za udongo huwasaidia nyungunyungu kusaga chakula ndani ya firigisi zao. Kwa usalama, nyungunyungu wachache hutangulizwa. Wakitulia kwa siku moja au mbili, wengine huongezwa. Matandiko mapya huongezwa kila yale ya zamani yanapoliwa.

Dalili za hatari

Nyungunyungu wakikusanyika kwenye kifuniko au wakipanda kuta kwa wingi, huenda matandiko yamelowa kupita kiasi, yamekosa hewa au yana kitu chenye sumu. Matandiko yaliyolowa sana hutifuliwa na kuongezewa boksi kavu. Karatasi inayoshukiwa kuwa na sumu hutolewa yote, na nyungunyungu huhamishiwa kwenye matandiko mapya. Mboji ya chombo hicho haifai kuwekwa kwenye mboga.

Tazama pia

* Mboji
* Nyungunyungu
* Samadi