Kufuli Ambayo Hakuna Mtu Alikuwa Analipia

Wasee, leo hakuna muziki wala mpira. Nataka tuongee kuhusu OpenSSL. Najua wengi hamjawahi kuisikia. Ni programu ya kufunga data: ukiingia kwa tovuti na password yako, kuna nafasi kubwa iko hapo katikati inavuruga maneno yako ndiyo jirani mnayetumia WiFi moja kwa ploti asiyasome.

Mizizi yake iko Australia, miaka ya tisini. Eric Young na Tim Hudson waliandika kitu kinaitwa SSLeay, na wengine wakakichukua Desemba 1998 wakakiita OpenSSL. Kumbuka enzi hizo Marekani ilikuwa inahesabu kufuli za kompyuta kama silaha. Brauza za kuuzwa nje zilikuwa na funguo za biti 40, huku za kwao nyumbani zikiwa na biti 128. Yaani msee wa Nairobi akipakua Netscape ya nje alipewa kufuli ya sanduku la bodingi. Sheria ililegezwa Januari 2000.

Sasa ile story yenyewe. Desemba 31, 2011, watu wakingoja fataki, mabadiliko fulani madogo yaliingizwa kwa OpenSSL. Yalikuwa ya kuwezesha kompyuta mbili kuulizana "bado uko?" Kosa lilikuwa moja tu: seva haikuwa inahakikisha urefu wa ujumbe. Ni kama umpe konda mia, umwambie ni elfu, naye akurudishie chenji ya elfu bila kuangalia noti. Hapa chenji ilikuwa chochote kilichokuwa kwa kumbukumbu ya seva, hadi kilobaiti 64 kila ukiuliza: password, hata funguo zenyewe.

Toleo lenye kosa lilitoka Machi 2012. Lilikuja kutangazwa Aprili 7, 2014, likaitwa Heartbleed. Neel Mehta wa Google alikuwa ameliona, na kampuni ya Codenomicon ya Finland pia, kila mtu kivyake. Kule Kanada mtu alichota namba za bima ya jamii za watu kama 900. Kinachoniuma zaidi ni kwamba programu hiyo iliyolinda sehemu kubwa ya intaneti ilikuwa inapata michango ya dola kama 2,000 kwa mwaka. Harambee ya arusi hapa Kariobangi inaweza kuishinda.

Mwaka huo huo wa 2014 ndiyo eCitizen ilianza, na 2015 seva za M-Pesa zikahamishwa kutoka Ujerumani zikaja Kenya. Mambo yetu yote yalikuwa yanaingia mtandaoni.

Mimi nilijifunza haya kwa njia mbaya. Kabla niache kampo nilikuwa atachimenti kwa kaofisi fulani kanachoweka rekodi za vyama vya akina mama wa soko. Seva ilikuwa CentOS 7. Nikauliza toleo la OpenSSL, nikaambiwa 1.0.2k, kitu cha Januari 2017. Nikashtuka, manze hii si imeoza? Nikapakua mpya, nikaijenga mwenyewe, nikafuta mafaili ya zamani nikaweka yangu.

Tovuti ikalala. Hata kuingia kwa seva kutoka mbali kukakataa. Ilikuwa siku ya akina mama kugawana pesa, na hakuna aliyeweza kuona amechanga ngapi. Walingoja hadi jioni, mmoja akiwa na mtoto mgongoni.

Mzee wa seva alikuja mwenyewe, akaketi, akarudisha pakeji ya zamani. Kisha akaniita: "Kijana, nani alikutuma?" Akaiuliza rpm orodha ya marekebisho ya pakeji ile ile, na skrini ikajaa. Watu wa Red Hat huchukua dawa ya toleo jipya na kuishonea kwa toleo la zamani, na CentOS ilikuwa inafuata. Namba inabaki 1.0.2k, lakini mashimo yamezibwa. Ningeangalia tarehe ya mwisho kwa hiyo orodha, si namba. Nilikuwa nimetoa kitu kizima.

Lakini CentOS 7 yenyewe ilifika mwisho Juni 30, 2024. Tangu hapo hakuna anayeishonea chochote bure. Juzi nilimtumia mzee ujumbe kumuuliza kama walihamia kwingine.

Ameacha tiki mbili za bluu.