Shamata: Kufurahia Kuanguka kwa Mwenzio

Shukrani zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Hapa Somanda, Bariadi, kama kwingine Usukumani, baada ya mavuno hushindana makundi mawili ya ngoma, Bagika na Bagalu. Wazee husimulia kuwa waasisi wake ni Ngika na Gumha, waliokuwa mahasimu. Mwenye kuvuta watu wengi ndiye mshindi, na nyimbo humkebehi mpinzani. Tukiacha dawa za kishirikina zitumikazo humo, ambazo hukumu yake iko wazi, lipo jambo lililovuka uwanja wa ngoma likaingia hadi misikitini: furaha ya kumuona mwenzio ameanguka. Pamba ya jirani ikiliwa na wadudu, au darsa ya shekhe fulani ikikosa watu, wapo wanaocheka.

Wanazuoni huliita jambo hili shamata. Katika Surat Al-A'raf, aya ya 150, Nabii Harun (A.S.) alimuomba nduguye Musa (A.S.) asiwape maadui sababu ya kumfurahia. Na katika Hadithi ya Abu Hurayra (R.A.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Allah na furaha ya maadui. Basi jambo ambalo Mitume wamelikimbia, vipi Muislamu amfanyie nduguye?

Tazama historia. Mwaka 36 Hijria (656), katika vita vya Ngamia karibu na Basra, Ali (R.A.) alishinda. Hakujigamba. Alikataza anayekimbia asifuatwe na majeruhi asimaliziwe. Aliwasalia waliouawa wa pande zote mbili, na Bibi Aisha (R.A.) akarejeshwa Madina kwa heshima. Kutokana na mwenendo huo mafakihi walijenga hukumu za bughat, yaani Waislamu wanaomuasi kiongozi: lengo ni kuzuia shari yao, si kuwadhalilisha.

Je, kufurahia kuondoka kwa dhulma nako ni shamata? La. Kipimo ni hiki: lau dhalimu yule angetubia na kubaki na neema yake, ungefurahi? Ukichukia, basi ulichokuwa ukikitaka ni maumivu yake, si haki.

Wahenga walisema: mwenzio akinyolewa, wewe tia maji. Allah atusafishe nyoyo zetu. Amin.

Wallahu a'lam.