Saitokini zote hizo, uzuie ipi?

Ndani ya goti lenye afya kuna utando mwembamba ajabu, seli safu moja hadi tatu tu, unaotengeneza ute wa kulainisha kiungo. Kwa mgonjwa wa baridi yabisi mambo hugeuka. Kinga ya mwili huvamia viungo vyake yenyewe, utando unanenepa, unajaa seli za kinga na kuanza kula gegedu na mfupa. (Jina letu linailaumu baridi, lakini baridi haina hatia hapa.)

Miaka ya 1980 watafiti walipata njia za kupima saitokini, yaani protini ambazo seli hutumia kupashana habari. Walipochungulia kwenye utando wa wagonjwa wakazikuta kibao: IL-1, IL-6, TNF na nyingine nyingi. Sasa hapo ndipo wengi walipokata tamaa. Ukizuia moja, si zilizobaki zitaendelea na kazi ileile?

Jijini London, watu wawili hawakuridhika na jibu hilo. Marc Feldmann alikuwa mtaalamu wa kinga ya mwili. Ravinder Maini alikuwa daktari wa viungo, mzaliwa wa India aliyekulia Uganda, ambako baba yake aliwahi kuwa meya wa Kampala. Lakini jaribio lenyewe, ambalo mimi naliona ndilo moyo wa hadithi hii, lina jina la Fionula Brennan mbele.

Brennan na wenzake walichukua seli za utando kutoka kwenye viungo vya wagonjwa na kuzilea maabara. Seli zile ziliendelea kumwaga saitokini siku kadhaa bila kuchokozwa na chochote. Kisha wakaongeza kingamwili inayoikamata TNF peke yake. Kumbe IL-1 nayo ikashuka! Matokeo yalichapishwa mwaka 1989, na baadaye ikaonekana saitokini nyingine pia hushuka. Kwa hiyo protini zile hazikuwa kundi la watu wanaopiga kelele kila mmoja kivyake. Zilipangwa kama mnyororo, na TNF ilikuwa karibu na mwanzo wake.

TNF yenyewe haikuwa ngeni. Mwaka 1975 ilielezwa New York kama kitu kinachoua uvimbe wa saratani kwenye panya. Maabara nyingine ya jiji hilohilo, iliyochunguza kwa nini wanyama wenye vimelea vya nagana, ule ugonjwa wa mbung'o, hukonda hadi kubaki mifupa, ikaikuta kwa njia yake na kuipa jina jingine. Mwaka 1985 ndipo ikajulikana ni protini ileile.

Kingamwili ya kumpa binadamu nayo ilikuwepo. Ilikuwa imebuniwa New York kwa ajili ya sepsisi, ambako haikufua dafu. Mwaka 1992, katika hospitali ya Charing Cross, wagonjwa 20 walioshindikana kwa dawa nyingine wakaanza kupewa kwa dripu. Walipata nafuu, ila wote walijua wanapewa dawa, na maumivu ni kitu kinachodanganyika kirahisi. Ikabidi lije jaribio la watu 73, baadhi wakipewa dripu isiyo na dawa bila wao wala madaktari kujua. Baada ya wiki nne, waliopata nafuu kwa dozi kubwa walikuwa 19 kati ya 24. Kwa dripu tupu, wawili kati ya 24. Hiyo ilikuwa 1994.

Nafuu haikudumu, kwani dawa ikiisha mwilini ugonjwa hurudi. Tena TNF ina kazi yake halali: husaidia kuwafungia bakteria wa kifua kikuu wasitoroke kwenye mapafu. Mwaka 2001 ikatoka ripoti ya watu 70 waliougua kifua kikuu baada ya kutumia dawa hii, wengi ndani ya miezi michache tu. Ndiyo maana leo, kabla ya dripu ya kwanza, mgonjwa wa magoti hupimwa kifua kikuu kilicholala.