Kanuni za kuweka vikosi vipya katika mchezo wa Axis & Allies

KATIKA bao la Kiswahili, kete ya akiba haiwekwi popote. Mchezaji huinamua katika shimo la safu ya mbele ambalo tayari lina kete. Mchezo wa Axis & Allies nao una masharti kuhusu mahali na wakati wa kuweka vikosi vipya, na anayeyapuuza huweza kushindwa angali ana fedha.

Mchezo huu wa ubaoni, unaoiga Vita vya Pili vya Dunia, ulibuniwa na Mmarekani Larry Harris na kutolewa mara ya kwanza mwaka wa 1981. Kanuni zinazoelezwa hapa ni za toleo la pili la Axis & Allies 1942, lililochapishwa mwaka wa 2012.

Zamu ya kila taifa ina hatua sita: kununua, kupeleka vikosi vitani, kupigana, kusogeza vikosi ambavyo havikupigana, kuweka vikosi vipya na kupokea mapato. Vipande vinavyonunuliwa hukaa kando ya ubao hadi hatua ya tano. Kwa hivyo, mchezaji hulipa kabla ya kujua dadu zitaamua nini, na askari mpya hawezi kushiriki mashambulizi ya zamu hiyo.

Vikosi vipya huwekwa tu katika eneo lenye kiwanda ambalo mchezaji amelimiliki tangu zamu yake ilipoanza. Idadi yake haiwezi kuzidi thamani ya eneo hilo. Urusi, yaani eneo la Moscow, ina thamani ya 8. Muungano wa Kisovieti, unaoanza na fedha 24, unaweza kununua askari wanane wa miguu kwa 3 kila mmoja na kuwaweka wote hapo.

Kiwanda kikipigwa mabomu, kila alama ya uharibifu hupunguza kikosi kimoja katika idadi hiyo, hadi mwenyewe alipie ukarabati kwa 1 kwa kila alama. Kiwanda kipya hugharimu 15, nacho hakizalishi chochote katika zamu kinapowekwa.

Meli huwekwa katika bahari inayopakana na eneo lenye kiwanda, hata kama adui yumo. Vita havizuki papo hapo kwa kuwa hatua ya kupigana imekwisha kupita. Ndege mpya ya kivita inaweza kuwekwa juu ya manowari ya kubebea ndege iliyoko katika bahari hiyo.

Vikosi vinavyokosa nafasi hurudishwa, na mchezaji hurejeshewa fedha zake. Hata hivyo, zamu imekwisha kupotea.

Uzito wa kanuni hizi huonekana vyema Caucasus, eneo la Kisovieti lenye kiwanda na thamani ya 4. Ujerumani ikiliteka, haiwezi kuweka hapo hata askari mmoja katika zamu hiyo. Ni lazima walioliteka walilinde wakati wapinzani wanapocheza. Wakifaulu, Ujerumani itazalisha vifaru karibu na mlango wa Moscow. Wakifurushwa, kiwanda kitarudi kwa mwenyewe. Mchezaji mwangalifu basi hajiulizi tu kama ataliteka eneo. Hujiuliza pia kama atakuwa angali analo zamu yake itakaporudi.