Ngano, Magugu na Viboko vya Boston



Ndugu wasikilizaji wapendwa, Injili ya Dominika hii imeturudisha katika shamba lile la Mathayo sura ya 13, ambamo adui alipanda magugu wakati watu wamelala. Watumwa walitaka kwenda kuyang'oa mara moja, lakini mwenye shamba akawazuia, wasije wakaing'oa ngano pamoja nayo. Katika karne ya 17 walikuwako Wakristo huko Amerika ya Kaskazini waliobishana juu ya mfano huu kwa vitabu, kwa magereza na kwa mijeledi. Napenda leo niwasimulie habari zao. Hawakuwa Wakatoliki, tena waliteswa kwa kulikataa jambo ambalo sisi hulitenda kila mara penye kisima cha ubatizo, yaani kuwabatiza watoto wachanga. Hata hivyo naona yatupasa kuwasikiliza.

Mwaka 1630 Wapuritani kutoka Uingereza waliujenga mji wa Boston katika koloni la Massachusetts. Walikuwa wamechoka kusumbuliwa na maaskofu wa Kanisa la nchi yao, wakavuka bahari ili wamwabudu Mungu jinsi dhamiri zao zilivyowaelekeza. Tusiwadharau. Walikuwa watu wa sala na wa Maandiko, na miaka sita tu baada ya kufika walianzisha chuo, nacho ndicho Harvard ya leo. Lakini waliamini kwamba serikali imepewa upanga ili kuilinda pia dini ya kweli. Hivyo mwaka 1644 walitunga sheria kwamba apingaye ubatizo wa watoto, akionywa na kukaidi, afukuzwe katika koloni. Mwaka 1647 wakatunga nyingine juu ya mapadre Wajesuiti: akionekana mmoja, afukuzwe, akirudi, auawe. Basi sisi nasi tulihesabiwa kuwa magugu.

Wa kwanza kuwasumbua alikuwa mmoja wao, mchungaji kijana Roger Williams, aliyefika mwaka 1631. Alifundisha kwamba hakimu ana mamlaka juu ya mwili na mali ya mtu, wala hana mamlaka juu ya roho yake. Akasema pia kwamba mfalme wa Uingereza hakuwa na haki ya kugawa ardhi ya wenyeji kana kwamba haina mwenyewe. Mwezi wa Oktoba 1635 alihukumiwa kufukuzwa. Januari iliyofuata, katikati ya theluji, alitoroka kabla hawajamkamata na kumpandisha melini, akahifadhiwa na wenyeji wa nchi. Kisha akapata ardhi kwa wakuu wa Wanarragansett, Canonicus na Miantonomi, akauita mji wake Providence, maana yake Maongozi ya Mungu. Huko, karibu na mwaka 1638, alishiriki kuanzisha kanisa linalohesabiwa kuwa la kwanza la Wabaptisti katika Amerika, ingawa yeye mwenyewe alilihama baada ya miezi michache tu. Hakuwa mtu wa kutulia. Mwaka 1644 alichapisha London kitabu kikubwa dhidi ya kutesa watu kwa ajili ya imani, na ndani yake aliueleza kwa kirefu mfano huu wa magugu: Bwana mwenyewe alisema kwamba shamba ni ulimwengu, basi katika ulimwengu walio tofauti waachwe waishi pamoja mpaka mavuno. Bunge la Uingereza liliamuru kitabu hicho kichomwe moto.

Sasa tufike kwenye viboko. Katika kijiji cha Lynn, karibu na Boston, aliishi mzee kipofu jina lake William Witter. Alikuwa muumini wa kanisa la Kibaptisti la Newport, koloni la Rhode Island, na kwa uzee wake hakuweza kusafiri kwenda kusali na wenzake. Mwezi wa Julai 1651 ndugu watatu walifunga safari kutoka Newport kwenda kumtembelea: John Clarke, mganga na mchungaji, Obadiah Holmes, aliyewahi kuwa fundi wa vioo, na John Crandall. Ninyi makatekista, mnaotembea maili nyingi kumpelekea mgonjwa neno la faraja, mnaielewa safari ya namna hiyo kuliko mimi. Dominika, tarehe 20, Clarke alikuwa akihubiri nyumbani kwa yule mzee, mbele ya watu wachache, askari wawili walipoingia na hati ya kuwakamata. Alasiri walipelekwa kwa nguvu katika ibada ya kijiji. Huko walikataa kuvua kofia, ili wasionekane kuikubali ibada waliyolazimishwa kuhudhuria. Ndipo wakapelekwa gerezani Boston.

Hukumu ilikuwa faini: Clarke paundi 20, Crandall paundi 5, Holmes paundi 30, asiyelipa achapwe. Clarke alilipiwa na rafiki, na Crandall akaachiliwa kwa dhamana. Watu walikuwa tayari kumlipia Holmes pia, lakini dhamiri yake ilikataa, kwa kuwa kulipa kungekuwa kukiri kosa ambalo yeye hakuliona. Akakaa gerezani mpaka mwanzoni mwa Septemba. Siku ya adhabu rafiki zake walimletea divai, akakataa kunywa, watu wasije wakasema baadaye kwamba ushujaa wake ulitoka chupani. Alivuliwa nguo mpaka kiunoni. Mwenye kuchapa alitema mate viganjani, akashika kwa mikono miwili mjeledi wa kamba tatu, akampiga mapigo 30. Holmes mwenyewe aliandika kwamba katika maumivu yale alijaliwa furaha asiyoweza kuieleza, hata akawaambia mahakimu kwamba wamempiga kana kwamba kwa mawaridi. Lakini baadaye, kwa siku nyingi, hakuweza kulala ila kwa kuegemea magoti na viwiko.

Wanaume wawili, John Spur na John Hazel, walimpa mkono alipofunguliwa. Kwa kosa hilo la kumpa mkono nao walikamatwa na kutozwa faini. Hazel alikuwa mzee, akafariki siku chache baadaye.

Habari ilipofika Uingereza, Sir Richard Saltonstall, mmoja wa waanzilishi wa koloni lile, aliwaandikia wachungaji wa Boston kwa uchungu. Aliwaambia kwamba kuwalazimisha watu kuja ibadani wasiyoiamini ni kuwafanya watende dhambi. Aliyejibu ni John Cotton, mwanateolojia mkuu wa koloni, na ndugu zangu, jibu lake latisha hasa kwa sababu limeandikwa na mtu mwema. Alisema Holmes alijichagulia viboko mwenyewe, kwani angeweza kulipa. Tena gerezani alivikwa nguo nzuri kuliko alizokuwa nazo kwa miaka mingi. Na juu ya kulazimisha ibada alisema kwamba afadhali wanafiki kuliko wasiomcha Mungu, maana mnafiki walau humpa Mungu sehemu moja ya haki yake, yaani mwili wake.

Nimelifikiri mara nyingi jibu hilo, hasa nikitazama mabenchi yaliyojaa siku ya sherehe. Nani kati yetu viongozi hajapata kuridhika na miili iliyojaa kanisani, bila kuuliza mioyo iko wapi? Hapo Cotton si mtu wa mbali.

Wala tusimcheke kama watu wasio na lawama. Wakatoliki walipokuwa na upanga katika nchi za Ulaya waliutumia vivyo hivyo, na ilitubidi kungoja mpaka tarehe 7 Desemba 1965 ndipo Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya uhuru wa dini, ulipofundisha waziwazi kwamba hakuna mtu apaswaye kushurutishwa kutenda kinyume cha dhamiri yake katika mambo ya dini.

Clarke alikwenda Uingereza mwaka huohuo 1651 na akakaa huko miaka 12. Mwaka 1663 alipata kwa Mfalme Charles wa Pili hati ya Rhode Island, iliyoamuru kwamba mtu asisumbuliwe kwa tofauti za maoni ya dini maadamu haivurugi amani ya raia. Wayahudi walikuwa wameshapata nafasi huko, na pia Wakwekeri, wale wajiitao Marafiki, ambao leo wana waumini wengi magharibi ya Kenya. Boston ilikuwa imewanyonga wanne wao kati ya 1659 na 1661, mmoja akiwa mwanamke, Mary Dyer. Huko Virginia wahubiri wa Kibaptisti walifungwa tangu 1768, na kijana James Madison aliyechukizwa na vifungo hivyo akawa baadaye miongoni mwa watunzi wa kifungu cha uhuru wa dini katika katiba ya Marekani, kilichothibitishwa mwaka 1791. Lakini lazima niseme na hili: Newport hiyohiyo, bandari ya dhamiri huru, katika karne ya 18 ilitajirika kwa biashara ya watumwa kutoka Afrika. Waliotambua kwamba roho haifungwi hawakuona mara moja minyororo ya miguu ya wengine.

Tuirudie Boston. Mwaka 1654 Henry Dunster, mkuu wa kwanza wa Harvard, aliacha kazi yake kwa kuwa hakuweza tena kuukubali ubatizo wa watoto. Mwaka 1665 Wabaptisti walianzisha kanisa lao, na viongozi wao wakafungwa. Mwaka 1680 serikali iliipigilia misumari milango ya nyumba yao ya ibada, na waumini wakasalia uani. Kisha nyakati zikabadilika. Mwaka 1718 kanisa hilohilo lilimweka wakfu mchungaji mpya, Elisha Callender, nalo likawaalika wachungaji wa Kipuritani kushiriki. Mhubiri wa siku hiyo alikuwa Cotton Mather, na katika mahubiri yake alizilaani adhabu za zamani. Alikuwa mjukuu wa John Cotton.